Pale Mwili Unaposema Basi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchota maji, Gentrix alitandika mkeka sebuleni akafanya yoga na mama yake. Jael, mama yake, alikuwa amepalilia miwa ya watu huko Kabras tangu usichana wake, na mgongo wake ulikuwa umechoka. Daktari wa viungo mjini Kakamega ndiye aliyemfundisha mazoezi hayo ya polepole: kuinama, kujinyoosha, kulala kifudifudi na kuinua kifua huku ukivuta pumzi taratibu. Hilo la kuinua kifua waliliita nyoka.

"Ukifika pale mwili unaposema basi, unaacha," mama alikuwa akisema. "Usiulazimishe. Hapa si shambani."

Siku moja Mitchel, jirani yao aliyesoma darasa moja na Gentrix, alikuja kuomba kiberiti. Aliwakuta wamelala kifudifudi, vichwa juu. Gentrix akamweleza kwa furaha kwamba zoezi hilo linaitwa nyoka. Kumbe alikuwa akimpa fimbo ya kuwachapia. Kufikia saa nne, Gredi ya Saba nzima ilikuwa ikinong'ona kwamba kwa kina Gentrix wanaabudu nyoka. Kufikia Jumapili, habari zilikuwa zimefika kwenye kwaya ya kanisani, na wanawake waliozoea kucheka na Jael wakasogea mbali naye kwenye benchi.

Jael alirudi nyumbani, akakunja mkeka, akausukuma chini ya kitanda. Baada ya wiki mbili alikuwa hainuki bila kushika ukuta.

Gentrix alimwona akishika ukuta kila asubuhi, na kila asubuhi alijiapia: Mitchel atanijua mimi ni nani. Aliwaza kumchania daftari. Aliwaza kummwagia uji. Yote aliyaona madogo mno.

Nafasi ilikuja yenyewe, Jumatano. Mitchel alikuwa amechaguliwa kukimbia mita mia nne Ijumaa huko Malava, na hakuna kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko mbio hizo. Alimfuata Gentrix nyuma ya darasa.

"Msuli wa paja umenikaza huku nyuma," alisema. "Mwalimu Makhanu akijua, ataniondoa. Si nyinyi mnajua kujinyoosha? Nisaidie, tafadhali."

Kweli watu wengine hawana haya. Amemchafulia mtu mama yake, kisha anakuja kuomba msaada! Gentrix akatabasamu.

Alijua vizuri zoezi la kunyoosha msuli huo linavyofanywa: unakunja magoti kidogo, unainama mpaka msuli uvute, unaacha. Akafundisha kinyume.

"Nyoosha magoti kabisa. Inama mpaka ushike chini."

"Inauma, Gentrix."

"Ikiuma ndiyo inafanya kazi. Ama hutaki kushinda?"

Akaweka viganja mgongoni mwa Mitchel. Alisikia pumzi ya mwenzake ikikatika, na mikono yake ikajua kwamba hapo ndipo pa kuachia. Alimkumbuka mama akishika ukuta. Akasukuma.

Mitchel alilia, akaanguka akishika paja. Gentrix alisikia raha, tusidanganyane. Ilikuwa tamu, naye aliionja huku akimpeleka Mitchel mpaka mlangoni mwa ofisi ya walimu.

"Nani amekufanya hivi?" Mwalimu Makhanu aliuliza.

"Ni mimi mwenyewe, mwalimu," Mitchel akajibu huku machozi yakimtoka. "Nilijinyoosha vibaya. Gentrix alikuwa ananisaidia tu."

Hakuna ambaye angewahi kujua. Lakini raha yote ilimtoka Gentrix palepale, na jioni hiyo akamwambia mama yake kila kitu. Jael alishika ukuta, akainuka. "Twende kwao," alisema.

Mama Mitchel, mwimbaji wa kwaya, alisikiliza maungamo hayo mikono kiunoni. "Kumbe ndio mchezo wenu," alisema kwa ukali. "Mnamvunja mtoto wangu?"

"Mama, ngoja," Mitchel alisema kutoka kwenye kiti, mguu ukiwa umefungwa bendeji. "Ile ya nyoka ni mimi niliitunga. Walikuwa wanafanya mazoezi ya mgongo tu. Nilitaka watu wacheke."

Mama Mitchel alimwangalia Jael, aliyekuwa ameegemea mlango kwa maumivu, akamletea kiti.

Ijumaa wenzao walikwenda Malava bila Mitchel. Jumapili, mbele ya kwaya nzima, Mama Mitchel alisimama akaeleza ukweli, kisha akaenda kuketi karibu na Jael.

Jumatatu mkeka ulitandikwa tena. Gentrix alisita kuukanyaga.

"Nilikuwa na haki ya kukasirika, mama."

"Ulikuwa nayo. Hata mimi nilikasirika," Jael alisema. "Lakini mikono yako ilijua pa kuachia, maana nimekufundisha kila asubuhi. Hasira nayo huwa na pale pa kusema basi. Ulipasikia, ukapapita, na mbio za Mitchel haziwezi kurudi. Ukipasikia tena, uache."

Gentrix aliitikia kwa kichwa. Walipomaliza, alikwenda kwa kina Mitchel kumbebea mkoba, kwa sababu mwenzake bado alikuwa akichechemea.