Upande Ambao Baba Hakuuona

Kila asubuhi Evodia alipika uji, kisha akamsaidia baba yake kufunga vifungo vya shati. Waliishi wawili tu katika mtaa wa Nzuguni. Mama alifariki Evodia akiwa mdogo. Baba, mzee Sostenes, alikuwa dereva wa basi la wanafunzi hadi alipopatwa na kiharusi. Mwanzoni majirani walijaa sebuleni. Baada ya miezi mitatu hakuna aliyebisha hodi tena. Jioni baba na binti walikaa wakisikiliza watoto wa wenzao wakicheza rede nje.

Sasa baba alitembea bila mkongojo. "Mwezi ujao narudi kwenye usukani," alisema.

Lakini Evodia alikuwa ameona jambo. Baba alikula wali wa upande wa kulia wa sahani, wa kushoto akauacha, kisha akauliza kama chakula kimekwisha. Bega lake la kushoto liligonga mlango kila siku.

"Hayo usimwambie mtu, mwanangu," baba alimwomba. "Nikikosa kazi, nitakaa humu ndani hadi lini?"

Ijumaa walikwenda ili baba apimwe kwenye kituo cha utengamao, wanakosaidiwa watu waliougua kurudi kwenye kazi zao. Mtaalamu, Bi Dorothea, alimketisha baba kwenye mashine ya kuigiza udereva: kiti, usukani na breki mbele ya skrini pana yenye picha ya barabara. Baba aliendesha huku akitabasamu. Evodia hakukumbuka mara ya mwisho kuliona tabasamu lile.

Ghafla, kwenye skrini, mtoto akaingia barabarani kutoka kushoto. Baba hakukanyaga breki. Skrini ikawa nyekundu.

"Mashine yenu mbovu," baba alisema. "Hapakuwa na mtoto."

Bi Dorothea akamgeukia Evodia. "Nyumbani je, binti? Upande huo anauona?"

Evodia aliitazama ile skrini nyekundu. Aliwafikiria wanafunzi wenzake wanavyovuka mbele ya basi.

"Upande wa kushoto haoni vizuri, mama," alijibu kwa sauti ndogo. "Hata chakula cha kushoto hukiacha."

Baba hakumsemesha njia nzima, wala kesho yake. Evodia alilia nyuma ya jiko. Hakuwa na wa kumwambia. Siku ya tatu baba akamwita.

"Namfikiria yule mtoto. Kweli sikumwona. Turudi kituoni."

Kwa miezi mitano baba alifundishwa kugeuza kichwa na kuutafuta upande wa kushoto. Alishindwa jaribio mara mbili. Mara ya tatu mbuzi walijitokeza kushoto kwenye skrini, na gari likasimama kabla ya kuwafikia. Kisha mkufunzi wa udereva akampima katika barabara halisi, naye baba akafaulu.

"Mzee, mashine ililiona tatizo siku moja," alisema Bi Dorothea akimkabidhi ripoti ya kumruhusu kurudi kwenye usukani. "Binti yako aliliona kila siku, na akathubutu kusema. Evodia, kumfichia mtu ugonjwa wake si kumpenda. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Baba alimshika Evodia mkono.

"Ulisema kweli, nami nikakuacha peke yako," alisema. "Nisamehe, mwanangu."