Mto Usiojazwa Kama Tairi

Fundi baiskeli alikuwa na sheria moja: tairi laini ni aibu ya fundi. Tangu alipoanguka kutoka juu ya paa, kiuno na miguu yake havikuhisi kitu. Lakini mikono ilikuwa mizima. Kila asubuhi alijisukuma kwa kiti chake cha magurudumu hadi kibandani, akaziba pancha mpaka jioni.

Hospitali ilimpa mto wa upepo wa kukalia. Fundi akauminya, akacheka.

"Huu umelegea kama mkate uliolowa!"

Akachukua pampu, akaujaza mpaka ukawa mgumu kama ubao.

Wiki ya pili, mkewe alipomwogesha aliona doa kalioni. Lilikuwa jeusi kuliko ngozi yake, tena la moto. Kaka mkubwa wa Fundi akaitwa.

"Mdogo wangu, funga kibanda. Kaa nyumbani, tutakulisha."

"Kaka, nakuheshimu. Lakini kibanda hakifungwi! Miguu imelala, mimi sijalala."

Mkewe hakubishana na yeyote. Alikwenda kumwita muuguzi. Muuguzi akaugusa mto.

"Nani kaujaza hivi?"

"Mimi. Ndiyo kazi yangu."

"Basi leo kazi yako imekuponza, Fundi. Mto mgumu unaibana nyama kwenye mfupa. Damu haipiti, ngozi inakufa, na wewe huhisi chochote."

"Sifungi kibanda!"

"Nani kakwambia ufunge? Usilikalie doa hadi liishe. Ukirudi kitini, kila nusu saa inamia mbele, hesabu hadi mia. Na ngozi ikaguliwe kila siku."

Kisha akapunguza upepo polepole, mkono wake ukiwa chini ya makalio ya Fundi. Aliacha upepo wa unene wa kidole kati ya mfupa na kitako cha mto.

"Hapo tu. Usiongeze."

Siku tisa Fundi alilala ubavu. Alinung'unika, lakini mipira ya ndani ya matairi ililetwa kitandani, akaiziba hapo hapo. Doa likaisha.

Kibanda kikafunguliwa. Kengele ya simu yake ilipolia kila nusu saa, Fundi aliinama, na wateja wakangoja. Siku moja kaka yake akaja na baiskeli. Akauminya mto.

"Mbona umeishiwa upepo?" Akainyakua pampu.

Fundi akamshika mkono.

"Weka chini, kaka. Tairi yako nitaijaza mpaka ilie. Huu mto ndio unaoniweka hapa, na hapa sitoki!"