Kunguru wa Muguu Mumoja

Jumatano, jua ndiyo linatoka, wamama wa kununua ndagala, wale samaki wadogo, walishuka ku mwaro wa Minago, pale mitumbwi inafikia, wakakuta fimbo ya Lameki imevunjika vipande viwili. Pembeni, damu ku muchanga. Na ndani ya maji shati yake ya kijani inaelea, mikono imefunguka kama ya mutu anayesali.

Mutu mwenyewe hakuna.

Sasa, Lameki hakuwa mutu wa kupotea hivi-hivi. Kupotea inataka mutu awe anatoka, na Lameki hatoki. Kazi yake ilikuwa kufukuza kunguru. Ndiyo, iko kazi. Ndagala zikianikwa juu ya nyavu, ndege wote wa Tanganyika wanapata habari, na muchuuzi asiye na mutu wa fimbo, jioni anakusanya vichwa tu. Lameki alianza kazi hiyo tangu warudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, yeye na dada yake Jovita. Siku waliyofika walimusimamisha mbele ya watu ajitambulishe kwa Kirundi. Akakosea. Watu wakacheka, wakaenda nyumbani wakala, wakasahau. Lameki hakusahau. Tangu hapo akiona watu watatu wamesimama pamoja, jasho linamutoka, anarudi nyuma. Mitumbwi ikifika, anajificha nyuma ya banda lake mpaka kelele iishe. Na kula mbele ya mutu, apana kabisa.

Ni mutu huyo ndiye alikubali kutoa figo.

Jovita, figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki anapanda basi mpaka Bujumbura kuoshwa damu ku mashini, anarudi kama nguo iliyokamuliwa. Walipima ndugu, damu ya Lameki ikakubali. Jumatatu inayofuata walikuwa waende Uhindi, kupasuliwa kule. Lakini kule iko sharti: mutoa figo anaingia mbele ya madaktari bila ndugu yeyote, anasema kwa kinywa chake kwamba hakuna aliyemununua wala kumulazimisha. Asiposema, hawapasui. Na asipokuwepo kabisa, basi, Jovita arudi ku mashini angoje kufa.

Saa tatu alifika OPJ Raisa, yule polisi wa kupeleleza, kwa piki-piki kutoka Rumonge. Walimuhamisha kutoka Bujumbura mwaka uliopita. Anapanga chumba kimoja, anakula peke yake, na asubuhi anayemuandikia ujumbe ku simu ni kampuni ya simu tu.

Damu aliitazama kidogo. Akainama, akatoa ndani yake unyoya mweupe, akautia mufukoni. Kisha akaenda kwa samaki.

"Hizi ndagala nani amezifunika?"

"Si sisi, Afande," alijibu Mama Agata, mukubwa wa wale wamama. "Tumezikuta hivyo."

Wavu ulikuwa umetandikwa juu vizuri, na jiwe kila pembe.

"Mutu anauawa," Raisa alisema, "na kwanza anafunika samaki?"

"Labda amejitupa mwenyewe. Ameogopa kisu."

"Mwenye kujitupa anavunja fimbo yake?"

Raisa akaingia ku banda la Lameki.

Ndani: mukeka, sufuria, na vikombe viwili vya plastiki. Vyote viwili na majani ya chai chini. Raisa alivibeba mpaka nyumbani kwa Jovita, akamukuta amelala, miguu imevimba.

"Kaka yako iko na rafiki?"

"Rafiki? Afande, kaka yangu hana hata adui."

"Vikombe viwili. Vyote vimenyweka."

Jovita akavitazama, machozi yakaanza. "Mimi ni damu yake," alisema, "na akinywa maji anageukia ukuta. Basi kuko mutu anakunywa na yeye chai! Ni nani? Kwa nini si mimi?"

Raisa akaona hayo ni machozi ya wivu, si ya kifo. Akajibu peke yake moyoni: Lameki alitoka na miguu yake, bila haraka, na mutu anayemuzoea. Huyo mutu ndiye alirudi kumwaga damu ya kuku.

Alirudi kwa Mama Agata. "Lameki alikuwa anaongea na nani?"

"Na kunguru!" Wamama wote wakacheka. "Hapana, Afande, ni kweli. Kuko mumoja wa muguu mumoja, anamwita bibi harusi. Asubuhi anamuhutubia kama yuko mbele ya wakwe: 'Wazee wangu, kunguru wa muguu mumoja hakimbilii samaki. Anasimama, juu anajua mwenye kusimama ndiye anayebaki.' Sisi tunamuchokoza kwa mbali, tunasema Lameki amekosa muke, anaoa kunguru."

Raisa naye akacheka kidogo, akaenda kwa Abdul, mwenye zile ndagala. Watu wote walikuwa wanamunyooshea kidole, juu wiki ile alimupigia Lameki kelele: ukienda, usirudi.

"Nilisema, ndiyo," Abdul alijibu. "Hiyo ni hasira ya samaki, Afande, si ya mutu. Nitapata wapi mwingine kama yeye? Usiku ule nililala Magara, tairi imepasuka, niulizie kwa fundi."

"Ulikuwa unakunywa chai na Lameki?"

"Mimi? Nikimukaribia anatetemeka mpaka fimbo inamuanguka!"

Fundi wa Magara alithibitisha. Akabaki Leonsi, muume wa Jovita. Mutu alimuona Jumanne saa kumi na mbili ya jioni ku banda la Lameki, amepiga magoti, analia.

"Nilienda kumuomba asigeuze roho," Leonsi alisema. "Niliongea mimi peke yangu, mulango umefungwa. Nikamuambia, shemeji, kama bado unakubali, piga mulango mara moja. Akapiga."

"Mara moja?"

"Mara moja. Kwa nguvu. Nikarudi nyumbani nikalala kama mutoto."

Basi saa kumi na mbili ya jioni Lameki alikuwa bado anakubali. Aliyemugeuza alikuja nyuma ya hapo.

Alhamisi walikaa matanga bila maiti. Na nani alikuja kuwasemea wenye musiba? Ramazani Kabwe, musemaji wa harusi. Huku kwetu kijana haendi kuomba binti kwa mudomo wake; familia inatafuta musemaji, na kutoka Magara mpaka Kabonga hakuna aliyemushinda Ramazani. Mutu murefu, koti la rangi ya maziwa, sauti inafika ngambo ya pili. Mwenyewe hana muke. Alioza vijana wa vijiji vyote, akasahau nyumba yake.

"Ulikuwa unamujua Lameki?" Raisa alimuuliza.

"Nani anamujua, Afande? Namusalimia kutoka barabarani tu. Maskini ya Mungu, mutu asiye na neno."

Ijumaa ikapita bure. Vijana walivuta nyavu ku maji kutafuta mufu, wakapata samaki. Jovita hakukubali kwenda ku mashini. Alisema hakuna haja tena.

Jumamosi mwenye nyumba ya Raisa alikuwa anaposewa binti yake. Raisa alialikwa, akakaa nyuma kabisa na Fanta yake, kiti cha pembeni kitupu. Saa nane Ramazani akasimama kwa upande wa kijana.

"Wazee wa nyumba hii! Tumekuja na koo kavu. Kunguru wa muguu mumoja hakimbilii samaki. Anasimama, juu anajua mwenye kusimama ndiye anayebaki. Na kijana wetu amesimama! Iko nyuma ya ukuta. Upande wa pili ngazi, mashada ya michikichi, zinachemka, ananusa mawese mapya, wenzake wanapita wanacheka. Mulango wake unafungukia inje tu, na ufunguo haiko naye. Hawezi kuita. Wazee, mufungulieni!"

Vigelegele! Wamama walisimama. Baba ya binti alifuta macho.

Raisa aliweka Fanta chini. Maneno ya kunguru yalikuwa ya Lameki, na mutu anayesalimiwa kutoka barabarani hafundishi mutu maneno. Kwamba yalikuwa mazuri, sawa. Lakini ukuta ule na ule mulango hayakuwa maneno ya mutu wa mwaro. Lameki hakuwahi kulala karibu na ngazi. Basi aliyatunga juzi, pale alipo sasa.

Akamuinamia jirani wa mbele. "Muzee, Ramazani iko na kinu cha mawese?"

"Cha shemeji yake. Kule juu, nyuma ya mashamba."

Raisa alingoja Ramazani amalize kula, hiyo ni heshima. Kisha akamushika mukono. "Ramazani, twende kinu cha shemeji yako. Na ufunguo uko mufuko gani?"

Ramazani akafungua mudomo. Mara ya kwanza watu wa Rumonge walimuona anaufungua na hakuna kitu kinatoka.

Harusi nzima iliwafuata. Leonsi alipigiwa simu, akamuleta Jovita kwa piki-piki, amemufunga mugongoni na kitenge asianguke, na nyuma yao Abdul na Mama Agata. Saa kumi walifika. Mapipa yanachemka, moshi, na nyuma ya ukuta chumba cha kuwekea ngazi, kufuli mupya ku mulango. Walipofungua, Lameki alikuwa amekaa ku mukeka, hai, sahani ya ugali pembeni. Alipoona watu, alirudi mpaka ukuta ukamukataa.

"Sema," Raisa alimuambia Ramazani.

"Sikumupiga. Nilimulisha vizuri."

"Sikuuliza chakula. Jumanne ulimuambia nini?"

"Nilimuambia..." Sauti yake ilikuwa ndogo, kumbe iko na sauti ndogo. "Nilimuambia kule Uhindi atasimama mbele ya madaktari mia, na kamera. Akasema, nifiche usiku mumoja niwaze. Akafunika samaki, tukatoka."

"Na kufuli?"

"Asubuhi alisema ametosha kuwaza, anaenda kwa Jovita. Ndipo nikafunga."

"Lakini fimbo, shati, na damu ya kuku uliviweka kabla ya asubuhi. Kwa hiyo ulijua utafunga."

"Nilijua," Ramazani alisema.

"Kwa nini? Dada yake angekufa!"

"Afande, maneno yote ni yake." Akawageukia watu. "Yote. Miaka yote. Namuletea chai, ananipa maneno, naenda kuyasema. Akienda kule, akifa chini ya kisu, mimi nitasema nini? Mukinisalimia, munasalimia maneno ya Lameki. Nyumbani kwangu mimi niko na maneno ya kuomba chumvi tu, na hakuna wa kumuomba."

Raisa akamuangalia Lameki. "Lazima nisikie kwako. Alikufungia kwa nguvu? Na kwenda, bado unataka?"

Lameki jasho linatiririka. Mudomo unacheza, hakuna sauti. Watu wakasogea ili wasikie, na walivyosogea ndivyo alivyozidi kuzama ndani ya ukuta.

Ni Jovita alisema, kutoka mugongoni kwa muume wake. "Geukeni."

"Eeh?"

"Wote! Mupeni mugongo. Na weye pia, Afande."

Wakageuka. Wazee wa posa, bibi harusi na nguo zake, wenye kinu na mikono myekundu, Abdul, Mama Agata, wote nyuso zao ku ziwa, kule chini kati ya michikichi. Pipa linachemka.

"Wazee wangu," sauti ikasema. Ilikuwa na kutu, lakini haikukatika. "Migongo yenu imenisalimia vizuri kuliko nyuso. Murakoze, asanteni. Ramazani alinifungia, hiyo ni kweli, Afande aandike. Na ndiye peke yake alikunywa chai na mimi, hiyo pia aandike. Mulango niliutia mimi ndani ya maneno. Nilijua ataubeba bila kuufungua, ndivyo anavyobeba."

Mama Agata akaanza kulia. Kila mutu alijua sasa alishayasikia wapi maneno ya namna hiyo: ku harusi yake, ku harusi ya binti yake. Na Leonsi akajua ni maneno haya ndiyo yaliomba Jovita kwa ajili yake, na yeye alikuwa ameshukuru koti la maziwa.

"Jovita," Lameki alisema. "Mimi niko na figo mbili na mutu mumoja. Nikibaki na figo mbili bila mutu, nitazifanyia nini? Nitaenda. Na chai, tutakunywa."

Ramazani peke yake hakugeuka, polisi alikuwa amemushika. Alikuwa anamutazama Lameki, na midomo yake ilikuwa inasogea polepole, inafuata neno kwa neno, kama kawaida.

Jumapili mutu alileta termosi ya chai ku kasho ya polisi ya Rumonge, pale Ramazani alifungwa, na vikombe viwili, kimoja kimekwisha kunyweka. Hakuacha jina. Jumatatu walipanda ndege.

Kule Uhindi madaktari walikuwa watatu, si mia. Lameki aliwaonyesha kwa mukono wageuze viti. Walishangaa, lakini wakageuza, na mukalimani naye akageuza.

Ku Minago wamama walipeana zamu ya fimbo. Siku yake ya kupumzika Raisa hakuwa na pa kwenda, akashuka akasema na yeye atachukua zamu. Wakamuachia, wakaenda zao. Alikaa ku jiwe la Lameki. Kunguru wa muguu mumoja alikuwa amesimama mbele yake, anangoja.

Simu ikalia. Raisa alidhani ni kampuni. Ilikuwa Leonsi: *Afande, Jovita amekojoa. Figo inafanya kazi.*

Alisimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kutafuta mutu wa kumuambia. Mwaro mutupu, maji tu, na ndagala zinakauka.

"Amekojoa," akamuambia kunguru.