Kengele Yenye Adabu

Mzee wa kitanda cha dirishani alikata roho mara ya tatu asubuhi ile, na kabla ya kukata roho alihakikisha amemsema kila mwanafunzi aliyekuwa karibu. Haule aliambiwa ana mikono ya kuchimbia viazi. Minza aliambiwa sindano yake inauma kuliko ugonjwa wenyewe. Kisha mzee akakoroma, midomo ikageuka rangi, akafa. Wanafunzi wakasimama kimya kama walivyofundishwa. Baada ya muda mzee akafumbua macho, akakohoa, akauliza kama kuna mwingine anayetaka kumuua au akalale.

Alikuwa mgonjwa-bandia. Ngozi yake ilitoa jasho, mishipa yake ilipitisha damu ya kiwandani, na ndani ya kichwa chake mlikuwa na akili iliyofundishwa malalamiko ya wagonjwa wa nusu ya nchi. Kwenye Chuo cha Uuguzi cha Ukanda wa Juu, pale Mbeya, bandia walikuwa wengi kuliko walimu. Walikuwa na faida nyingine pia: walimu hufa mara moja tu.

Mbeya ya wakati ule ilikuwa imepanda milima yake. Viazi vililimwa kwenye kuta za maghorofa, na vibanda vya waya vilibeba watu juu ya mawingu kwenda kazini. Baridi peke yake ndiyo ambayo hakuna mhandisi aliyeigusa. Mwezi wa saba ulipofika, watu walitembea wamejikunyata vilevile kama babu zao.

Chuo kilikuwa na utaratibu wake. Bandia hawakukaa darasani tu. Walilazwa wodini, wamechanganywa na wagonjwa wa kweli, shuka moja, bangili moja ya mkononi, na hakuna mwanafunzi aliyeambiwa nani ni nani. Nia ilikuwa njema. Waanzilishi walitaka muuguzi amheshimu kila aliyelala mbele yake, kwa kuwa hajui. Juu darini palikuwa na Jicho, mtambo uliotazama wodi nzima na kutoa alama: umemgusa mgonjwa au hukumgusa, umechelewa au umewahi. Mwanafunzi naye alivaa bangili iliyopima mapigo yake na jasho la kiganja, na humo ndimo zilimotoka alama za utulivu, zilizoogopwa kuliko mtihani wowote. Mkono ukitetemeka, alama zinashuka. Ukilia, zinashuka zaidi. Kulikuwa na Chumba cha Faraja ambamo sauti laini ilikuelekeza kuvuta pumzi, ila ukionekana mle mara kwa mara, nayo iliandikwa.

Minza Masanja alikuwa ametoka Shinyanga, kwenye jua, na wodi ya wazazi ilikuwa imekwisha kumwangusha mwaka uliotangulia kwa sababu ya mikono yake. Ilitetemeka. Alijua dawa zote, alijua vipimo vyote, lakini mbele ya mama anayejifungua vidole vyake vilicheza kama vya mtu aliyeshika kuku anayetaka kuruka. Sasa alikuwa anairudia. Anayeanguka mara ya pili alipata disko, yaani anafungasha na kwenda kwao, na kwao mama yake alikwisha kumtangaza nesi mtaa mzima. Likizo iliyopita majirani walipanga foleni uani kumwonyesha miguu iliyovimba. Angerudi vipi mbele ya miguu ile?

Basi akawa anajikaza. Zamu, darasa, ripoti, zamu. Alikula amesimama. Nywele zilibaki kwenye kitana. Haule, kijana wa Njombe aliyesoma naye, alidai amewahi kusinzia katikati ya kupiga mswaki na kuota kwamba anapiga mswaki, kwa hiyo siku ile alisafisha meno mara mbili. Haule alikuwa mtu wa namna hiyo. Wenzake walimpenda kwa utani wake, na zaidi kwa sababu ndiye aliyewafundisha kuegesha.

Kuegesha kulikuwa hivi. Zamani vifaa vya hospitali vililia ovyo mpaka wauguzi wakaacha kuvisikia. Wahandisi wakabuni kengele yenye adabu: bangili ya mgonjwa ikiona mambo yanaharibika inaita, isipokuwa kama muuguzi amemshika mgonjwa mkono. Akiwa amemshika, inanyamaza. Ya nini kumpigia kelele mtu ambaye tayari yupo? Jicho nalo liliandika kwamba mgonjwa yumo mikononi mwa muuguzi, alama nzuri kuliko zote. Na kwa kuwa Jicho lilikuwa darini, anayesinzia na anayesikiliza kwa makini liliwaona kuwa sawa: kichwa kimeinama, vidole viko kwenye mshipa. Mwanafunzi alitafuta bandia, akaketi, akamshika mkono kama anayehesabu mapigo, akalala. Bangili yake ikaripoti utulivu wa ajabu. Kuna waliofaulu wodi nzima kwa usingizi.

Kilichohitajika ni kumjua bandia, na hilo pia Haule alikuwa nalo. Aliwaambia waangalie miguu. Aliyetengeneza bandia, alisema, hajawahi kukaa Mbeya mwezi wa saba. Watu wa kweli walikuwa na magaga, visigino vimepasuka kama tope lililokauka. Bandia walikuwa na nyayo laini kama za mtoto asiyeanza kutembea. Hakuna aliyeona kwamba ni kosa. Walisema moyoni kwamba kila dakika waliyolala kwa bandia ni nguvu watakayompa mtu.

Alasiri moja Minza alikuwa amesimama tangu alfajiri. Macho yalianza kumwonyesha vitanda viwili mahali palipo na kimoja. Kwenye kona alilala mwanamke ambaye karatasi yake ilisema Tusajigwe, amejifungua asubuhi, mtoto kapelekwa chumba cha joto kwa muda. Minza akainua blanketi upande wa miguuni, kama anayekagua uvimbe. Visigino vilikuwa laini, vinang'aa. Akashukuru Mungu, akavuta kiti, akamshika mkono.

Mwanamke akamtazama. "Nesi, umekula?"

Minza nusura acheke. Wahandisi safari hii wamejipita, aliwaza. Wametengeneza bandia mwenye kuuliza habari za tumbo la mwenzake. Na kwa kuwa mtu humwambia mashine mambo ambayo hamwambii binadamu, akamwambia. Kwamba hajala. Kwamba usiku anaota Jicho linamtazama akiwa bafuni. Kwamba mama yake anamwita nesi na yeye si nesi, ni mwoga aliyevaa sare, na akianguka safari hii hajui atakwenda wapi. Mwanamke alisikiliza kwa utulivu, macho mazito.

"Pumzika kidogo, mdogo wangu," akasema. "Mimi sina neno. Akija mkubwa wako nitakuamsha."

"Asante, dada."

"Ila nasikia baridi."

"Mbeya hii nani hasikii baridi?" Minza akajibu, akamwongezea blanketi la pili, akalichomeka vizuri pembeni. Somo alilikumbuka. Mzazi anayetokwa damu husema baridi, na bandia wote wa wodi ile walisema baridi wakati wao ulipofika. Lakini somo hilo alikwisha kulifaulu juma lililopita, kwa bandia mwingine, kwa alama safi. Hakuona sababu ya kulirudia na huku macho yanafumba yenyewe. Akainamisha kichwa. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo.

Aliamshwa na Haule aliyemgusa bega. Haule hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama sakafu chini ya kitanda. Akafunua blanketi la kwanza, akafunua la pili, akasimama nalo mkononi, ikimfikia harufu ya damu ambayo damu ya kiwandani haikuwa nayo.

"Minza," alisema taratibu, bila utani wowote, "huyu ni mtu."

Minza akaachia mkono wa Tusajigwe, na hapo ndipo kengele ilipolia.

Ililia sana. Madaktari walikuja wakikimbia, roboti-mbeba wakaleta damu na dripu, mtu akapanda kitandani kwa magoti kukanda tumbo. Vyote vilifanywa kama vinavyotakiwa kufanywa, kwa mtu ambaye hakuwa anavihitaji tena.

Kesho yake mume alikuja. Aliitwa Lwitiko, alifanya kazi kwenye vibanda vya waya, na alikuwa amembeba mtoto kifuani ndani ya khanga mbili kama anayeogopa upepo utamchukua. Aliomba kumwona nesi aliyekuwa na mke wake. Wakamleta Minza. Lwitiko alikuwa ameambiwa kile Jicho lilichoandika, kwamba mke wake hakuachwa peke yake, kwamba mkono wake ulishikwa mpaka mwisho. Alimshukuru. Alishukuru kwa maneno mengi, kama wafanyavyo watu ambao wakinyamaza wataanguka. Kisha akauliza kama walimfunika miguu, maana mke wake alikuwa mtu wa kusikia baridi.

"Tulimfunika," Minza akasema.

"Nilikuwa nampaka mafuta ya parachichi kila jioni, tangu mimba yake ya kwanza, ile iliyoharibika. Hakupenda magaga. Ndugu zangu walinicheka kwamba nimeolewa." Akatabasamu kidogo, akamrekebisha mtoto. "Waache wacheke."

Minza alikwenda moja kwa moja kwa Madam Kokushubila, mkuu wa mafunzo, mwanamke wa Bukoba mwenye sauti ya chini ambayo wanafunzi waliiogopa kuliko kelele. Akamweleza yote: kuegesha, miguu, usingizi, blanketi la pili. Alisema amemuua mtu na anataka iandikwe hivyo. Madam alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akageuza kioo cha mezani ili Minza asome mwenyewe taarifa ya Jicho. Mgonjwa mikononi mwa muuguzi muda wote. Muuguzi mtulivu. Alama za utulivu zilikuwa za juu kuliko alizowahi kupata maishani mwake.

"Nilikuwa nimelala, Madam."

"Jicho halikusema umelala."

"Jicho limekosea."

Madam Kokushubila akavua miwani, akafuta vioo kwa ncha ya kitenge. Alieleza, bila ukali, kwamba Jicho likikosea kwa Minza limekosea kwa wote waliotangulia. Kwamba wauguzi wa mikoa minne walipewa vyeti kwa alama zake. Kwamba ukiwaondoa hao wodini, kesho hapatakuwa hata na wa kusinzia. Alisema kengele itapelekwa kwa wahandisi irekebishwe. Wahandisi walikuwa na mambo mengi, lakini itapelekwa.

"Na mimi?" Minza aliuliza.

"Wewe una mtihani, mwanangu. Nenda ukajiandae."

Akatoka. Haule alikuwa anamsubiri kwenye ngazi. Hakuwa na la kuchekesha. Alisema tu kwamba wenzake wanaendelea kuegesha, sasa wanaangalia meno badala ya miguu, na kwamba yeye mwenyewe usiku wa kuamkia leo, akiwa hajalala kwa zamu mbili, amejikuta ameketi kando ya kitanda na hajui kama aliyelala ni mtu au bandia. Minza alitaka kumkasirikia. Akatafuta hasira, hakuipata. Hata hiyo ilihitaji mtu aliyepumzika.

Chuoni hakuna kifo kilichopotea bure. Bangili ya Tusajigwe ilikuwa imehifadhi kila pigo lililopungua, kila kiwango cha joto, kila neno, na mtambo uitwao kinakilishi ukaviingiza vyote ndani ya bandia mpya, mwenye uso wa kubuni lakini sauti ileile. Likawa somo bora la wodi ya wazazi. Wakufunzi walisema halijapata kutokea lenye ukweli kama lile. Mtihani wa mwisho ukawekwa juu yake.

Minza alipoitwa, aliingia, akanawa mikono, akasalimia. Bandia akasema anasikia baridi. Minza hakumfunika. Alifunua blanketi, akaona damu, akapaza sauti kuomba msaada kama inavyotakiwa, akakanda tumbo la chini mpaka mfuko wa uzazi ukakaza chini ya kiganja chake kama ngumi ya mtoto. Akachoma sindano ya kuukaza zaidi, akaweka dripu, akainua miguu, akahesabu mapigo akiwa macho. Mikono yake ilikuwa imara. Ilikuwa imara tangu siku ile. Kitu kilichokuwa kikiitetemesha kilikuwa kimeondoka na hakijarudi, na wakufunzi walisema huko ndiko kukomaa.

Damu ikakata. Presha ikapanda. Mashavu ya bandia yakarudiwa na rangi, akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho. Hapo rekodi ya Tusajigwe iliishia, maana yeye hakuwahi kufika hapo. Akili ya mashine ikabidi ibuni yenyewe kile ambacho angesema. Haikubuni vibaya.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

Jicho lilisubiri. Jibu sahihi lilikuwamo kwenye mwongozo na lilikuwa na alama zake.

"Yuko salama, mama," Minza akasema kwa sauti ya upole, iliyo wazi. "Nitakuletea sasa hivi."

Alipata alama zote. Madam Kokushubila akampa mkono, akamwita nesi kwa mara ya kwanza. Roboti-mbeba waliingia kubadilisha shuka na kujaza damu, kwa sababu mwanafunzi wa pili alikwisha kufika mlangoni, na bandia alitakiwa aanze tena kusikia baridi.