Dizeli Huguswa Ikiwa Baridi

Fundi Kalama alikutwa kifudifudi mbele ya pikapu, mkono wa kulia ameunyoosha hadi kwenye gurudumu, kana kwamba amepitiwa na usingizi baada ya kazi ndefu. Kisogo chake kilikuwa kimepasuka. Hendeli ya kuwashia gari ilikuwa mchangani, hatua mbili kutoka kichwani.

Ilikuwa mwezi wa Mfunguo Mosi, baada tu ya Ramadhani, mwaka wa 1966, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwanjani kwa Shutu, Msambweni. Umande haukuwa umekauka. Moshi wa majiko ya jirani ulitanda chini chini baina ya minazi, na minazi yenyewe, pikapu na kuku wa watu vyote vilionekana kama vinaelea.

Inspekta Jefwa wa Kwale, aliyekuwa amelala Msambweni kwa kesi nyingine, aliitazama pikapu kabla ya kuutazama mwili, akajionea haya. Mwaka mzima alikuwa akiota pikapu ya dizeli, kuukuu, ya bei anayoiweza mtu wa mshahara. Akistaafu apakie mbuzi wake, ashike njia ya Vanga polepole, asiulizwe na mtu anakwenda wapi. Ndoto hiyo ilikuwa na mwalimu wake, na mwalimu ndiye huyo aliyelala mchangani.

Kalama ndiye aliyemfundisha. Rangi usiitazame, tazama moshi. Na dizeli iguse alfajiri, kabla mwenyewe hajaamka. Ikiwa baridi na ikawaka, ichukue. Pwani ya kusini ilikuwa na watu wachache sana walionunua dizeli kuukuu bila kwanza kumwita Kalama aweke kiganja juu ya injini. Jefwa alimpenda mzee yule, na sasa alitamani awe peke yake kidogo.

"Nani aliyemkuta?"

"Mimi, bwana." Mwanamke mrefu alisogea mbele. Alikuwa Jumwa, mkulima wa huko bara ya Lunga Lunga, mnunuzi mwenyewe. "Nimeuza ng'ombe watano kwa gari hili. Korosho zangu zinaharibika shambani kwa kukosa wa kuzibeba. Fundi aliniambia tukutane hapa saa kumi na mbili. Nilipofika alikuwa hivyo."

"Kulikuwa na mtu uwanjani?"

"Shutu. Amesimama na ufagio."

Shutu, mwenye pikapu, alikuwa mtu wa makamo, kanzu safi, macho mekundu. Alijibu kabla hajaulizwa.

"Hendeli ilimrudi, Bwana Inspekta. Alikuja akajaribu kuwasha mwenyewe, mimi niko ndani nasali."

"Gari liliwashwa lini mara ya mwisho?"

"Alhamisi."

"Na leo Jumapili."

"Tangu hapo halijawaka. Wallahi."

Jefwa alipiga magoti. Hendeli inayorudi huvunja mkono au taya la anayeizungusha. Haimzunguki ikamfuata kisogoni. Aligeuza kiganja cha marehemu. Vidole viwili vilikuwa vimebabuka, malengelenge bado mabichi. Kisha akainama chini ya gari. Juu ya mchanga palikuwa na jivu jeupe, laini, na vipande vidogo vya vifuu vya nazi. Akanyoosha mkono akaligusa tumbo la injini.

Lilikuwa vuguvugu.

Alibaki hapo chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mkono wake ulikuwa ukifanya kazi ya Kalama, naye alihisi kama mzee anamtazama aone kama anaigusa vizuri.

Koplo Mangi alikuwa amekwisha kuinyunyizia hendeli unga wa alama za vidole. "Hakuna kitu, afande. Imefutwa kwa dizeli."

"Hata alama za marehemu?"

"Hata zake."

Jefwa alimrudia Shutu. "Jivu hili la nini?"

"Mama alilifukiza gari jana kwa udi, lipate baraka. Nauli yetu ya meli imo ndani ya gari hili. Nampeleka Makka. Meli yaondoka baada ya wiki tatu, na mama hana mwaka mwingine wa kungoja."

Msambweni nzima ilijua habari hiyo. Shutu alikuwa ameisema kila barazani, na kila Ijumaa watu walimwombea.

Bi Mwanatumu, mamake, alikuwa uani juu ya kibao, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia fundi amefikwa na ajali."

"Amefariki, mama. Nakuuliza neno moja. Jana ulilifukiza gari?"

"Kwa udi gani? Wangu umekwisha tangu Idi."

"Na vifuu mwavitumia?"

"Vyangu vya kupikia alivichukua vyote Shutu jana baada ya Isha. Nikamwambia, kesho nitapikia nini? Akasema ana kazi navyo. Leo sijatia hata chai mdomoni."

Jefwa alishukuru, akatoka. Hakufurahi hata kidogo. Alimkalisha Shutu kwenye ngazi ya nyuma ya pikapu, naye akakaa ubavuni pake, wakawa kama watu wawili wanaongoja gari liondoke.

"Mamako hana udi, Shutu. Vifuu ulivichukua wewe."

Shutu aliuvuta upindo wa kanzu, akafunika magoti.

"Injini ina joto. Gari halikuwashwa. Ulilitia moto kwa chini."

Shutu aliitazama mikono yake. "Karai la makaa," alisema. "Mafuta yakipata joto, linawaka kwa mzunguko mmoja. Likiwa baridi linataka watu sita wasukume. Wanunuzi watatu Kalama amekwisha kuniondolea hapa. Leo nilijua atakuja saa kumi na mbili. Akaja saa kumi na moja."

"Akaliona."

"Akalivuta karai kwa vidole. Akacheka. Akaniambia, 'Shutu, gari lako limezaa nini hata likandwe kama mzazi?' Alicheka mpaka akatokwa na machozi. Nikamsihi. Nikamtajia meli, nikamtajia mama. Akasema Jumwa ana watoto, hawezi kumtia hasara. Kisha akainama tena kuitazama injini. Hendeli nilikuwa nayo mkononi."

"Karai ukalificha, hendeli ukaifuta. Jivu mbona ukaliacha?"

"Kulikuwa bado giza, Bwana Inspekta. Usiku uwanja haufagiwi, baraka zinatoka. Mama amenilea hivyo. Nilingoja kuche, mara huyo Jumwa."

Jefwa alishikwa na hasira. "Mtu amelala miguuni pako anakata roho, nawe unaogopa ufagio?"

"Niliogopea safari," alisema Shutu. "Nilidhani nikifagia, nitaifagilia mbali."

Koplo Mangi alimfunga pingu. Alipokuwa akiongozwa, Shutu alisimama. "Mama usimwambie. Mwambie gari limenunuliwa, nimelipeleka Mombasa."

Jefwa alirudi uani. Jua lilikuwa limepanda, moshi umeondoka, na Bi Mwanatumu alikuwa amegeuza uso kuelekea nyayo zake.

"Ni wewe, mwanangu? Basi gari ndiyo haliuziki tena?"

Alikuwa na uongo wa Shutu tayari mdomoni. Ukamshinda.

"Haliuziki, mama."

Bibi alishusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," alisema, akanyoosha mkono akautafuta wa Jefwa, akaushika. "Usimwambie Shutu. Makka ni kwema, lakini mimi bahari naiogopa, na miaka hii yangu nikifia melini watanitosa majini. Nilimkubalia kwa vile alivyopenda sana. Mimi nataka nifie hapa hapa, anizike mwanangu."

Jefwa aliketi chini kando ya kibao, mkono wake bado umeshikwa, akatafuta pa kuanzia.