Mwenyeji wa Chumba cha Nyuma

Wariara alilitengeneza faili kwa mkono wake, na papo hapo kompyuta ikamwambia si lake. Alipojaribu kuliandika tena, mashine ikajibu kwamba hana ruhusa.

Ilikuwa Februari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Nakuru ilijaa watu waliochomewa nyumba, na kadi za simu zilikuwa adimu madukani. Kamati ya misaada ilimwomba Dharmesh, mwenye duka la kompyuta, aitengenezee seva ya barua pepe: mtu akituma ujumbe mmoja, uzifikie zahanati, makanisa na ofisi za malori kutoka Mai Mahiu hadi Molo. Surua ilikuwa imeingia katika kambi ya waliofukuzwa makwao, huko Molo. Chanjo zilikuwa Nakuru kwenye barafu inayoyeyuka, na hakuna aliyejua ni lori la nani lingeweza kupita kwenye vizuizi vya barabarani. Dharmesh alimpa kazi hiyo Wariara, fundi wake. Kwa kuwa duka lilikuwa dogo, Dharmesh alivunja kufuli ya chumba cha nyuma ambacho Mzee Balwant, mwenye jengo, alikuwa amekifunga kwa miaka mingi.

Wariara hakushtuka. Makosa ya ruhusa alikuwa ameyazoea. Kila faili lina mwenyewe, na programu ya barua ikigusa la mwingine inakataliwa. Alilirudisha faili kwa jina lake, kisha akaangalia tena. Pale pa jina lake palisomeka: mwenyeji.

"Boss, nani ameweka mtu anaitwa mwenyeji kwa hii mashine?"

"Hakuna," Dharmesh akajibu kutoka dukani. "Ni mimi na wewe tu."

Akalifuta jina hilo. Likarudi. Akaisafisha seva yote na kuanza upya, na kabla hajaongeza mtu yeyote, mwenyeji alikuwa keshaingia. Chumba kilinuka manyoya yanayoungua, lakini wiki hizo mji mzima ulinuka moto, kwa hivyo alifungua dirisha akaendelea. Ndipo stima ikapotea. Feni ya seva ikazima, kioo kikawa cheusi, na katika kimya kile vibonye vya kibodi vikaanza kubonyea kimoja kimoja mbele ya macho yake, taratibu, kama vinavyobonyezwa na mtu asiye na haraka, huku pumzi ya moto ikimpiga shingoni.

Alitoka mbio. "Boss, huko ndani kuna mtu," alinong'ona.

"Umechoka, Wariara. Kaa hapa, nitamaliza mwenyewe."

Dharmesh aliingia na mlango ukajifunga nyuma yake. Wariara aliugonga, akauvuta, akaupiga teke, akiita jina lake, na kila alipotulia asikilize alisikia vibonye tu, sasa kwa kasi, hadi mlango ulipofunguka wenyewe na Dharmesh akatoka wima, macho wazi, akifungua mdomo na kuufunga bila sauti yoyote kutoka.

Mzee Balwant alipofika na kumwona, alikalia ngazi.

"Ndugu yangu alitoka hapo hivyo hivyo," alisema. "Mpaka akafa hakuongea tena."

"Na hukutuambia, mzee?"

"Ningesema, nani angekodi jengo langu?"

Ni yeye aliyemleta Maalim Marjani kutoka mtaa wa Bondeni. Maalim alimketisha Dharmesh mlangoni, akamwekea mkono kichwani na kusoma, akirudia aya zile zile, hadi kifua cha Dharmesh kikaanza kutetemeka na sauti kavu ya kizee ikatoka mdomoni mwake.

"Wameingia kwangu bila hodi."

"Wape njia," Maalim akasema. "Watoto wanakufa Molo."

"Huyo mwanamke aombe mwenyewe."

Wariara alikuwa binti wa mzee wa kanisa. Kwao, kumwomba jini kulikuwa dhambi. Alizifikiria zile chanjo, kisha akapiga magoti kizingitini.

"Sikujua kuna mwenyewe hapa. Naomba ruhusa nitume ujumbe mmoja. Halafu tutatoka."

Midomo ya Dharmesh ikafunguka tena.

"Mmoja."

Stima ilirudi. Wariara aliandika ujumbe kuuliza ni lori gani lingeweza kufika Molo, akautuma, na mara hii mashine haikukataa. Kabla ya saa kuisha, Kiplangat, dereva wa lori la maziwa, alikuwa mlangoni kuchukua chanjo. Jioni watoto wa Molo walichanjwa. Seva ikahamishwa, na Mzee Balwant akajenga ukuta mahali pa ule mlango.

Dharmesh alipata sauti tena siku ile ile, na watu wakamshukuru Mungu. Lakini nyumbani, mkewe Nikita aliona kwamba kabla ya kujibu neno lolote, Dharmesh huinamisha kichwa kwanza, kama anayesikiliza mtu aliye nyuma yake. Siku moja akashindwa kuvumilia.

"Niambie ukweli. Hicho kitu kilikutoka?"

Dharmesh akainamisha kichwa, akasikiliza. Machozi yakamlengalenga.

"Nimeambiwa hilo nisijibu."