Teke Lisiloacha Kidonda

Kwa Bujiku, pale Bukundi, asubuhi ya kulima hakuna anayekaa bure. Bujiku huwafunga maksai nira. Mama yake, Bibi Nyanjige, hukoroga uji. Ng'washi, binti wa miaka sita, kazi yake ni kuuliza maswali.

Siku hiyo Ng'washi alipita nyuma ya maksai. Maksai akarusha teke, likampata kifuani. Mtoto akaanguka, akalia kidogo, akainuka.

"Hana hata mchubuko," alisema Bujiku, akamshukuru Mungu.

Baada ya muda mfupi Ng'washi alianza kuhema haraka. Uji akaukataa.

"Lete samli na kanga," Bibi alimwambia Bujiku. "Nimkande, kisha nimfunge kifua kikaze."

Bibi amekanda nusu ya kijiji. Nani angembishia?

Jirani yao Mektilda, mhudumu wa afya wa jamii, alikuwa akipita kwenda shambani. Alisikia, akaingia mbio.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Bibi kwa Kisukuma. "Naomba usimkande, mama!"

"Kwa nini? Mbona hana jeraha?"

"Jeraha linaweza kuwa ndani. Mbavu za mtoto ni laini, zinapinda bila kuvunjika. Linaloumia ni pafu. Ukimkanda utamzidishia maumivu. Ukimfunga, atashindwa kupumua."

Bibi aliitazama mikono yake. Aliogopa, na nani asingeogopa?

"Basi tufanye nini, mwanangu?"

"Mkalishe, akuegemee. Asile wala asinywe. Twende kituo cha afya sasa hivi."

Mektilda akapiga simu, bajaji ikaja. Njia nzima Bibi alimpakata mjukuu wake, akimbembeleza kwa Kisukuma. Midomo ya mtoto ilianza kuwa ya bluu. Bujiku akamhimiza dereva aongeze mwendo.

Kituoni Ng'washi aliwekewa oksijeni, kisha gari la wagonjwa likamkimbiza hospitali, Mwanhuzi. Hewa ilikuwa imevuja ndani ya kifua na kulibana pafu. Daktari akaweka mrija wa kuitoa.

"Mngechelewa, tungempoteza," alisema.

Ng'washi alipona, akarudi nyumbani na maswali yake yote. La kwanza lilikuwa hili: "Bibi, samli iko wapi?"

Bibi alicheka hadi machozi yakamtoka. Kibuyu kizima cha samli alikwisha kumpelekea Mektilda.

"Wabeja gete, mayu," alikuwa amemshukuru Mektilda alipomkabidhi. "Umenirudishia mjukuu. Samli hii ni ya kula."

Siku hizi Ng'washi hapiti tena nyuma ya maksai. Na mtoto akiumia kifua pale kijijini, watu bado wanamkimbilia Bibi Nyanjige. Naye anamkalisha mtoto vizuri, halafu anaita bajaji.